Broadchurch au Gracepoint? Stori moja, siriz mbili, uanze na ipi

Kuna dogo mtaani kwetu ana kibanda cha kuweka muvi na siriz kwenye flashi. Siku moja nikampelekea flashi yangu nikamwambia dogo niwekee Broadchurch, ile ya Waingereza, sizni ya kwanza tu. Akasema ipo braza, pitia jioni. Jioni nikapita, nikalipa, nikaenda zangu home, folda imeandikwa BROADCHURCH S01 kwa herufi kubwa, nikala nikaoga nikakaa. Ufukwe upo, mtoto aliyekutwa amekufa yupo, yule muigizaji David Tennant yupo na sura yake ya kukosa usingizi, kila kitu kama nilivyosimuliwa. Ila mbona usukani wa magari uko kushoto? Na mbona Tennant anaongea Kimarekani kama mtu anayeumwa jino? Jina Gracepoint lilitokea mwanzoni kabisa mi nikajua labda ndo jina la episodi. Nimekuja kushtuka niko episodi ya pili kwamba nimewekewa ile kopi ya Wamarekani.

Kesho yake nikarudi pale kibandani nimenuna. Dogo akaniangalia akasema, "Sasa braza, si stori ile ile?"

Na kiukweli hajadanganya. Ni stori ile ile, mwandishi aliyeitunga ni yule yule Chris Chibnall, stelingi ni yule yule, hadi aliyeongoza episodi ya kwanza ni yule yule James Strong, na bado moja ilifanya Waingereza washinde wiki nzima wanabishana muuaji nani, nyingine ikaishia sizni moja ikazikwa. Nimeziangalia zote mbili mpaka mwisho (najua, sina kazi za kufanya) kwa hiyo ngoja niziweke hapa pamoja uchague mwenyewe. Muuaji simtaji, soma kwa amani.

Stori kwa wasiojua: mji mdogo wa baharini, wa aina ile ambayo fundi bomba ndo baba wa mchezaji mpira wa shule na mwenye duka la magazeti ndo anafundisha watoto wenu jioni, yaani wote mnajuana. Asubuhi moja mtoto wa kiume anaitwa Danny anakutwa amekufa ufukweni chini ya majabali. Wanaopeleleza ni wawili, mmoja ni mgeni mkali mwenye siri zake na kesi ya nyuma iliyomharibikia, mwingine ni mama wa hapo hapo mjini, Ellie Miller, ambae mwanae ni rafiki wa marehemu. Sasa huyu mama anatakiwa akawahoji majirani zake, watu aliokula nao juzi. Hiyo ndo siriz yenyewe, mengine yote yanatoka hapo.

Broadchurch ilianza ITV, kituo cha TV cha Uingereza, tarehe 4 Machi 2013, episodi 8, imepigwa kule West Bay, Dorset, kwenye majabali ya rangi ya dhahabu ambayo ukishayaona mara moja huyasahau, na sehemu nyingine za mji wamezipiga Clevedon. Gracepoint ilianza Fox, kituo cha TV cha Marekani, tarehe 2 Oktoba 2014, episodi 10, stori wameipeleka kaskazini mwa California ila kamera zenyewe zilikuwa Canada, kisiwa cha Vancouver. Danny wa Uingereza ana miaka 11 na anaitwa Latimer, wa Marekani ana 12 na anaitwa Solano. Tennant, ambae ndo yule mpelelezi mgeni, kwa Waingereza anaitwa Alec Hardy, kwa Wamarekani anaitwa Emmett Carver. Ellie Miller kabaki Ellie Miller sehemu zote, sijui kwanini, labda walichoka kubadilisha.

Episodi ya kwanza zifungue zote mbili uzicheze sambamba kama una kompyuta mbili, utacheka. Baba wa Danny anatembea mtaani asubuhi kwenda kwenye shughuli zake, anasalimia huyu, anatania yule, kamera inamfuata bila kukatwa, mwendo mmoja tu mrefu, na kwenye huo mwendo umeshatambulishwa karibu kila mtu utakayekuja kumshuku baadae, kabla hata hujajua kama kuna wa kumshuku. Ujanja wa hali ya juu. Gracepoint wameuchukua huo mwendo mzima mzima. Halafu kuna mama mtu, Beth, yuko kwenye foleni ndani ya gari, foleni haiendi, minong'ono inamfikia kwamba kuna kitu kimetokea ufukweni, na we unamuona anavyojikataza kufikiria anachofikiria, mpaka anafungua mlango anaacha gari barabarani anaanza kukimbia. Anafika, polisi wanamzuia, na chini ya lile shuka kimebaki kinaonekana kitu kimoja, raba za mwanae.

Kwenye Broadchurch anayecheza Beth ni Jodie Whittaker na hicho kilio mimi nilipause. Nilinyanyuka nikaenda kunywa maji. Kwenye Gracepoint ni Virginia Kull na hajacheza vibaya hata kidogo, tatizo kamera inaonekana ina haraka ya kufika kwenye raba kwa sababu inajua raba zipo. Sijui nielezeje, ni kama mtu anayekusimulia kichekesho alichosimuliwa na mwenzie, maneno yote yapo sawa, pumzi ndo hazipo.

Sasa Tennant. Kwenye Broadchurch anaongea Kiskoti chake cha kuzaliwa, ndevu hazijanyolewa, hapendi pwani, hapendi kuitwa jina lake la kwanza, na akimuita mwenzie "Miller!" anaitoa kwa namna ambayo mashabiki mpaka leo wanaiigiza. Ni mtu asiyependeka na unampenda. Carver wa Gracepoint ni mtu yule yule akiwa kwenye suti ya kuazima, sauti ameibana ili Uskoti usitoke, na unamuona kabisa anafikiria matamshi wakati anatakiwa afikirie kesi. Wamarekani wenyewe walimsema sana kwa hiyo lafudhi, na nadhani hapo walimuonea kidogo, lafudhi yenyewe ipo sawa, kilichopotea ni ule ucheshi wa kununa.

Kwa Ellie ndo wengi watanibishia. Olivia Colman upande wa Uingereza, Anna Gunn upande wa Marekani, na Anna Gunn alikuwa ametoka juzi tu kwenye Breaking Bad, ana Emmy zake, zile tuzo za TV za Marekani, sio mtu wa kubahatisha. Wote wanaanza sehemu moja, katoka likizo na familia, anarudi kazini anachangamka, anakuta kile cheo alichoahidiwa kapewa mwanaume mgeni. Colman anaicheza kama yule shangazi wa kwenye familia anayecheka na kila mtu, anayebeba zawadi za ofisi nzima, ambae hujawahi kumfikiria kama anaweza kuumia. Kwa hiyo mji unapoanza kumgeukia na yeye anapoanza kuugeukia mji, unaiona ile sura inavunjika taratibu episodi kwa episodi. Gunn kaanza na ugumu tangu mwanzo, ni askari tangu mwanzo, sasa ukianza na mtu mgumu utamvunja nini? BAFTA za 2014, yaani tuzo za TV za Uingereza, Broadchurch ilibeba tamthilia bora, Colman akabeba muigizaji bora wa kike, na David Bradley, yule mzee wa duka la magazeti, akabeba ya muigizaji msaidizi. Colman baadae kabeba na Oscar kabisa mwaka 2019, kwa hiyo hapa sisemi kitu kipya, nasema tu kwamba dalili zilionekana mapema.

Mzee wa duka nimtaje kidogo maana ndo sehemu inayonikaa kichwani zaidi. Magazeti yanaanza kuandika mambo yake ya zamani, mtaa unaanza kunong'ona, halafu mnong'ono unapata miguu, na Bradley amesimama nyuma ya kaunta yake anajibu kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea kutosikilizwa. Upande wa Marekani hiyo nafasi kapewa Nick Nolte, na Nolte ana sauti kama gunia la kokoto, ana mwili mkubwa, kwa hiyo haonekani kama mtu wa kuonewa, anaonekana kama mtu wa kuogopwa. Inabadilisha kila kitu. Huyu wa kwanza unamhurumia halafu unajiuliza kama unakosea kumhurumia. Huyu wa pili unamshuku halafu unajiuliza kama unakosea kumshuku. Kwenye hili, sitasema Gracepoint imeshindwa, imechagua njia nyingine, na kuna watu wataipenda hiyo zaidi.

Haya, watazamaji walipokeaje.

Uingereza ilikuwa inaonyeshwa jumatatu saa tatu usiku kwa saa zao, wiki nane. Ilikuwa ni episodi moja kwa wiki usubiri, na huo usubiri ndo uliifanya. Watu wanaenda kazini jumanne wanabishana muuaji nani, waigizaji wengi nao walikuwa wamefichwa mpaka mwishoni kwa hiyo hata ukimuuliza muigizaji barabarani hana cha kukwambia, na mambo yakafika mpaka makampuni ya kubeti yakaweka odds za muuaji! Fikiria mkeka wako una Arsenal, Simba, na mchungaji wa kwenye siriz. Episodi ya mwisho tarehe 22 Aprili 2013 iliangaliwa na watu karibu milioni 9 usiku ule ule, kwenye nchi yenye watu milioni 64 hivi. Na ilivyoisha tu wakaandika kwenye skrini kwamba itarudi.

Marekani sasa. Nchi ya watu kama milioni 318 wakati ule, episodi ya kwanza ya Gracepoint ikapata milioni tatu na ushee, na kuanzia hapo hakuna ilipopanda kwa maana. Walioiua wako wengi. Kwanza waliiweka alhamisi saa tatu usiku, muda ambao kituo kingine, ABC, kilikuwa kinarusha siriz ya Scandal, na mnaikumbuka Scandal ilivyokuwa, kina dada walikuwa hawapokei simu stelingi wake Olivia Pope akiwa hewani, na CBS msimu ule ilikuwa na mpira wao wa Kimarekani alhamisi hiyo hiyo. Pili Broadchurch yenyewe ilishaonyeshwa Marekani kupitia BBC America kuanzia Agosti 2013, mwaka mmoja na kitu kabla, maana yake wale wapenzi wa siriz za mauaji za Kiingereza zinazoenda taratibu, ambao ndo wangekuwa watazamaji wa kwanza wa Gracepoint, walikuwa wameshamjua muuaji. Fox wakajua hilo, wakatangaza kwamba mwisho wetu ni tofauti.

Kwa maoni yangu hilo tangazo ndo liliwaumiza kuliko Scandal. Ukishamwambia mtu mwisho ni tofauti umempa rula, kila sini anapima, hii ipo kule, hii haipo, hii wameongeza, huyu jamaa wa begi mgongoni anayezurura ni mpya basi labda ndo yeye, mtu haangalii tena siriz anakagua. Na mabadiliko yenyewe yapo kweli, hawakudanganya, ila yanakuja dakika za lala salama, kwa hiyo wengi walikuwa wameshashuka njiani wakisema ni kile kile. Episodi ya 10 ikaisha tarehe 11 Desemba 2014 na habari ikaishia hapo. Hao hao Wamarekani waliyoikataa kopi waliendelea kuiangalia orijino bila tatizo.

Kuna jaribio moja nilifanya bila kukusudia. Dada yangu mkubwa hakuwa ameona yoyote, nikamuachia ile flashi yenye Gracepoint, sikumwambia chochote. Siku tatu kamaliza. Akanipigia saa nne usiku, "We mtoto hivi unajua nimeunguza wali kwa ajili yako?" Ameipenda kupita maelezo, Nick Nolte kwake ndo kila kitu. Baada ya wiki nikampa Broadchurch nikamwambia hii sasa ndo yenyewe dada, hii ndo mama yao. Kaishia episodi ya tatu. Anasema wanaigiza kizembe na haelewi wanachoongea na "hawa si wamewaiga wale?" Nikamwambia hapana dada, ni kinyume chake, akasema basi mimi niache na wangu.

Kwa hiyo nilichojifunza ni kwamba utakayoanza nayo ndo itakuwa orijino kwako, ya pili itakuwa na kosa la kuzaliwa nyuma. Waliyoiponda Gracepoint wengi wao walikuwa wameanza na Broadchurch, mimi mwenyewe nilianza na episodi mbili tu za Gracepoint kabla sijarudi kwenye mstari na bado kuna sini za Broadchurch nilizikuta zimeshapoteza makali, ile ya raba ndo iliyonusurika. Maana yake usiangalie zote. Chagua moja.

Na mimi ningekuambia Broadchurch, ila sio kwa kila mtu.

Kama Kiingereza chako kimekulia kwenye muvi za Kimarekani na flashi yako haina subtaito, Broadchurch itakutesa, Hardy anaongea Kiskoti cha ndani ndani na wengine wana lafudhi za pwani ya kusini, nilikuwa narudisha nyuma kila dakika mpaka nikaenda kutafuta faili la subtaito. Gracepoint unasikia neno kwa neno. Kama unaangalia na watu wanaoongea ongea sebuleni, Gracepoint pia, maana inakurudishia vitu mara mbili tatu, Broadchurch ukigeuka kupokea chenji umepitwa. Kama ni muda, hazipishani sana, Broadchurch ni kama masaa sita kwa ujumla na Gracepoint kama saba, ila yale saba ya Gracepoint katikati yanavutwa, kuanzia episodi ya sita hivi unaona kabisa kwamba episodi mbili za nyongeza zilitakiwa zijazwe na kitu. Binti wa mpelelezi kaja kutembea, jamaa wa begi, mizunguko.

Kama unataka kulia chagua Broadchurch, hakuna ubishi. Episodi ya mwisho muuaji unamjua mapema tu, haikuweki mpaka dakika ya mwisho, halafu muda wote unaobaki unakaa na watu waliobaki na hiyo habari, na muziki wa yule jamaa wa Iceland, Ólafur Arnalds, unapita chini chini huku Colman amekaa sakafuni. Kama we ni mtu wa kutaka mshtuko wa mwisho mwisho, Gracepoint inakupa hiyo.

Na kama una mtoto wa umri huo nyumbani fikiria mara mbili kwa zote, sitanii. Jirani yangu alishindwa episodi ya kwanza tu, akasema mimi nikitaka kuumia nasoma magazeti.

Sizni za mbele: Gracepoint haina, moja na imeisha. Broadchurch ina ya pili (2015) na ya tatu (2017). Ya pili ni mambo ya mahakamani na watu wengi hawakuipenda kama ya kwanza, wanasheria wa kule walilalamika kwamba mahakama haziendi hivyo, mi nikaona inachosha kidogo ila Hardy na Miller wakiwa kwenye gari moja wanagombana naweza nikaangalia hata kama hakuna kesi. Ya tatu inasimama vizuri tena, kesi mpya kabisa. Onyo, maelezo ya sizni ya pili usiyasome kabla hujamaliza ya kwanza, hata mstari mmoja, yanachoma kila kitu. Wafaransa nao walitengeneza ya kwao, Malaterra, mwaka 2015, stori wakaipeleka Corsica, hiyo sijaiona na baada ya yaliyonikuta sidhani kama nitaitafuta.

Ukiona masaa sita ni mengi na wikendi yako ni jumapili jioni tu, kuna And Then There Were None ya BBC, ile ya Desemba 2015, episodi tatu tu, zilirushwa siku tatu mfululizo kuanzia tarehe 26. Ni hadithi ya mwandishi Agatha Christie, watu kumi kisiwani, mmoja mmoja anakufa, Charles Dance yupo, Sam Neill yupo, Aidan Turner yupo na taulo lake ambalo nasikia kina mama wa Uingereza walilijadili kuliko mauaji. Haina huruma wala majirani wala mtu wa kumlilia, ni hofu tu. Tofauti kabisa na hizi mbili ila kama unachotaka ni "nani kafanya" basi hiyo inakutosha na saa nne unalala.

Mkienda kwa dogo kuwekewa, ile folda bado imeandikwa BROADCHURCH S01 na ndani ni Gracepoint, nilimwambia abadilishe akasema atabadilisha. Msiangalie jina. Fungueni episodi ya kwanza pale pale kibandani mpeleke mbele mpaka yule mama akiwa kwenye foleni, angalieni usukani. Ukiwa kulia kama wa kwetu, chomoeni flashi mlipe muondoke.